Haki ya mgonjwa kuelezwa na wajibu wa muuguzi kumfunza

MNAMO Agosti 2010, wanaume wawili wa eneo la Kapsabet, Bonde la Ufa, walikamatwa na kufikishwa mbele ya hakimu. Hawakuwa wameiba wala kumpiga mtu. Walikuwa wagonjwa wa kifua kikuu walioshutumiwa kwa kuacha kumeza dawa kabla ya kukamilisha matibabu, na maafisa wa afya ya umma walitaka watengwe wasije wakawaambukiza wengine. Hakimu aliagiza wazuiliwe katika gereza la Kapsabet kwa miezi minane, watibiwe wakiwa humo. Walikaa siku 46 kabla ya Mahakama Kuu kuagiza waachiliwe.

Suala hilo halikuishia hapo. Machi 2016, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba sheria ya afya ya umma inaruhusu mwenye maradhi ya kuambukiza atengwe kwa ajili ya matibabu, lakini haimpi mtu yeyote idhini ya kumtia gerezani, na kwamba kufungwa kwa wawili hao kulikiuka Katiba. Serikali iliagizwa itunge sera ya kuwatenga wagonjwa wa kifua kikuu kwa njia inayoheshimu haki zao.

Hukumu hiyo hurejelewa sana na mawakili. Wauguzi nao wana sababu ya kuisoma, kwa kuwa inazua swali linalotangulia lile la hakimu: je, mgonjwa wa kifua kikuu huelezwa nini siku anapokabidhiwa dawa zake za kwanza?

Tiba ya kawaida ya ugonjwa huo huchukua miezi sita. Katika miezi miwili ya mwanzo mgonjwa hutumia dawa za aina nne kwa pamoja, kisha aina mbili kwa miezi minne iliyosalia. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurejea na uzani huongezeka, naye mgonjwa hujiona amepona ilhali viini vingali mwilini. Akiacha dawa wakati huo, ugonjwa unaweza kumrudia ukiwa sugu. Isitoshe, mojawapo ya dawa hizo, rifampisini, huufanya mkojo uwe na rangi ya machungwa au nyekundu. Asiyeambiwa mapema hudhani ni damu, akaogopa na kuzitupa dawa. Aliyeambiwa huuona mkojo huo akajua kwamba dawa imeingia mwilini. Kinachowatenganisha wawili hao ni sentensi moja ya muuguzi.

Ndiyo maana katika taaluma ya uuguzi kumfunza mgonjwa hakuhesabiwi kuwa hisani ya muuguzi mwenye moyo mwema wala kazi ya kufanywa muda ukisalia. Takriban kila haki ambayo mgonjwa amepewa na sheria, iwe ni ya kukubali, ya kukataa, ya kuuliza au ya kulalamika, haimfai lolote ikiwa haelewi anachofanyiwa.

Sheria inavyosema

Katiba ya sasa ilizinduliwa Agosti 27, 2010, wagonjwa hao wawili wangali gerezani. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Vifungu vingine vinalinda utu wa mtu, faragha yake na haki ya kupata habari.

Mwaka wa 2013 Wizara ya Afya ilichapisha Mkataba wa Kitaifa wa Haki za Wagonjwa. Mkataba huo unaorodhesha haki za mgonjwa, miongoni mwazo kutibiwa kwa heshima, kupata habari kuhusu hali yake, kutoa ridhaa, kutafuta maoni ya mtaalamu wa pili, kutunziwa siri na kuwasilisha malalamishi. Unataja pia majukumu ya mgonjwa mwenyewe, jambo ambalo wengi hulisahau.

Lililo na nguvu zaidi kwa kazi ya muuguzi ya kila siku ni Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017. Kifungu chake cha 8 kinamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, aina za uchunguzi na matibabu yanayopatikana, manufaa yake, hatari zake, gharama na matokeo yake. Ni lazima aelezwe vilevile kwamba ana haki ya kukataa matibabu anayopendekezewa, na madhara yanayoweza kumpata akikataa. Mhudumu anaweza kumficha mgonjwa hali yake pale tu ambapo kuna ushahidi wa kutosha kwamba kumfichulia kutamdhuru. Kisha sheria inaongeza sharti ambalo lingestahili kubandikwa katika kila wodi: maelezo hayo yatolewe kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu.

Kwa hivyo muuguzi aliyesoma maelezo yote kwa Kiingereza mbele ya ajuza asiyejua ila Kipokomo au Kiturkana hajatimiza sheria, hata kama hakuacha neno.

Kuhusu dharura, sheria iyo hiyo inaeleza kuwa matibabu ya dharura yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini, kuimarisha hali ya mgonjwa na kumpangia safari ya kupelekwa kwingine. Kituo kinachoshindwa kumhudumia mgonjwa wa dharura ilhali kina uwezo kinaweza kutozwa faini isiyozidi Sh3 milioni. Wakenya wengi hawajasahau kisa cha Oktoba 2015, ambapo mwanamume aliyegongwa na gari alikaa takriban saa 18 ndani ya ambulensi akizungushwa jijini Nairobi akitafutiwa kitanda, na hatimaye akafariki.

Saa nane ya nani?

Mengi yanayoharibika baina ya muuguzi na mgonjwa huharibika kwa sababu ya maneno madogo. Chukua agizo la kawaida: kumeza dawa "kila saa nane". Muuguzi aliyefunzwa kwa Kiingereza ana maana kwamba dozi moja na nyingine zitenganishwe na muda wa saa nane, yaani mara tatu kwa siku. Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili, saa nane ni baada ya adhuhuri, saa ya kumaliza chakula cha mchana. Mgonjwa mtiifu ataimeza dawa mara moja kwa siku, tena kwa wakati barabara, na hataelewa kwa nini hapati nafuu. Kusema "kila baada ya saa nane" kunasaidia. Kumwambia "saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tano usiku" kunasaidia zaidi.

Dawa ya malaria inayotumika sana nchini, mseto wa artemetha na lumefantrini, inaonyesha ugumu huo. Huwa na dozi sita kwa siku tatu. Dozi ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, na zilizobaki kila baada ya saa 12. Humezwa pamoja na chakula, hasa chenye mafuta au maziwa, ili mwili uifyonze vyema. Mama anayekabidhiwa bahasha yenye maandishi mafupi ya nambari, bila neno zaidi, hawezi kuyajua hayo yote. Tena homa ya mtoto mara nyingi hushuka kabla ya siku ya tatu, na tembe zilizosalia huwekewa ndugu yake atakayeugua baadaye. Mama huyo hakupuuza chochote. Alifanya uchumi, na hakuna aliyemwambia kwamba hapa uchumi haufai.

Majina ya maradhi nayo hupotosha. Ugonjwa unaoitwa "sukari" humfanya mgonjwa aache kutia sukari katika chai, kisha aketi mbele ya sinia ya wali au mlima wa ugali akijua amefuata masharti. "Presha" huchukuliwa na wengi kuwa ugonjwa wa mawazo na maumivu ya kichwa, hivyo kichwa kisipouma dawa hubaki kabatini. Shinikizo la damu aghalabu halina dalili yoyote hadi siku linapomwangusha mtu kwa kiharusi, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mgonjwa anapaswa kulisikia.

Kuna pia maji yenye chumvi na sukari ambayo mtoto anayeharisha hupewa. Kina mama wengi huyamwaga baada ya siku moja kwa kuwa kuhara hakujakoma. Hawakuambiwa kwamba kazi yake si kuzuia kuhara, bali ni kurudisha maji na chumvi zinazopotea mwilini, na kwamba kinachomuua mtoto ni ukavu wa mwili. Tembe za zinki zinazoandamana na maji hayo huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma siku ya tatu. Akipewa sababu, mama huendelea nazo. Akipewa amri tupu, huziacha.

Ridhaa si sahihi tu

Kabla ya upasuaji, mgonjwa hutiwa sahihi au alama ya kidole gumba kwenye fomu. Wengi huamini kwamba fomu hiyo ndiyo ridhaa. La hasha. Ridhaa ni uamuzi wa mtu aliyekwisha kuelewa. Fomu ni ushahidi tu kwamba uamuzi huo ulifanyika. Anayepaswa kueleza upasuaji ni daktari atakayeufanya. Muuguzi hushuhudia, na akigundua kwamba mgonjwa hajui anapasuliwa nini, wajibu wake ni kusimamisha shughuli na kumwita daktari arudi aeleze upya. Kumpa mtu kalamu akiwa tayari juu ya kitanda cha magurudumu, mlango wa chumba cha upasuaji ukiwa wazi, na kumwambia "weka sahihi hapa" si kumwomba ridhaa.

Sheria inaruhusu kumtibu mtu bila ridhaa yake katika hali chache: akiwa hajiwezi na kuna mwingine aliyeidhinishwa kisheria kuamua kwa niaba yake, ikiwa ni dharura, ikiwa kuchelewa kunaweza kusababisha kifo au madhara yasiyorekebika, au ikiwa kutomtibu kutahatarisha afya ya umma. Haraka ya foleni haimo katika orodha hiyo.

Hatari ya kudharau ridhaa ilidhihirika mahakamani. Desemba 2022, Mahakama Kuu iliamua kwamba haki za mwanamke anayeishi na virusi vya ukimwi zilikiukwa alipofungwa mirija ya uzazi bila kutoa ridhaa ya kweli. Uamuzi huo ulikuja baada ya kesi kudumu mahakamani kwa miaka minane. Mwanamke anayeambiwa habari ya kufunga uzazi akiwa katika uchungu, au anayedhani kwamba asipokubali atanyimwa maziwa ya mtoto na msaada mwingine, hajakubali chochote.

Upimaji wa virusi vyenyewe una sheria yake, iliyopitishwa mwaka wa 2006. Inakataza kumpima mtu kwa lazima na inataka apewe ushauri kabla na baada ya kupimwa. Hapa pana mtego mwingine wa lugha. Muuguzi anaposema "tutakupima damu", mjamzito anaweza kudhani anaangaliwa upungufu wa damu au kundi lake la damu. Kipimo hicho kina jina lake na hakina budi kutajwa.

Heshima na faragha

Kesi inayosikitisha kuliko zote katika mada hii ilitokea katika Hospitali ya Wilaya ya Bungoma mnamo Agosti 2013, miezi miwili baada ya serikali kutangaza kwamba huduma za kujifungua zitakuwa bila malipo katika hospitali za umma. Mwanamke aliyekuwa amepewa dawa ya kuanzisha uchungu aliachwa ajitafutie njia ya kwenda kujifungua, akajifungulia sakafuni na kupoteza fahamu. Alipozinduka, wauguzi walikuwa wakimpiga makofi na kumtukana kwa kuchafua sakafu. Machi 2018, Jaji Abida Ali-Aroni aliamua kwamba haki zake zilikuwa zimekiukwa, akaagiza alipwe fidia ya Sh2.5 milioni na kuombwa radhi rasmi.

Mahakama ilitazama mbali zaidi ya wauguzi hao. Ilizilaumu pia serikali ya kitaifa na ya kaunti kwa kutotenga raslimali za kutosha na kutosimamia ubora wa huduma. Ni sawa ilivyosema hivyo. Wodi yenye msongamano humchosha muuguzi, na uchovu hupunguza maneno. Hata hivyo, uhaba wa vitanda haueleze kofi.

Miaka mitatu kabla, katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, wanawake wawili walizuiliwa baada ya kujifungua kwa kushindwa kulipa ada. Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia kulikuwa kinyume cha sheria, ikawapa fidia ya Sh1.5 milioni na Sh500,000. Hospitali inaweza kudai deni lake kama mdai mwingine yeyote. Haiwezi kumshika mgonjwa rehani.

Faragha huvunjwa kwa vitu vidogo ambavyo havifiki mahakamani: pazia lisilofungwa, ugonjwa unaotajwa kwa sauti mbele ya wageni wa kitanda cha pili, mlango wa kliniki ambao foleni yake pekee inatosha kutangaza mtu ana nini. Kukosekana kwa mkalimani nako ni tatizo. Kiziwi anayeandamana na mtoto wake ili amtafsirie humlazimu mtoto kusikia siri za mzazi, na kuna maswali ambayo mzazi hatayajibu kamwe kupitia kinywa cha mwanawe. Hivyo hivyo kwa mgeni anayetafsiriwa na jirani wa kijijini. Katiba inaitaka serikali kuendeleza lugha ya ishara ya Kenya, lakini vituo vyenye muuguzi anayeijua ni vya kutafutwa.

Jina lako nani?

Februari 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, mtu alipasuliwa kichwa kwa makosa. Mgonjwa mmoja alihitaji kuondolewa damu iliyoganda ubongoni. Mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu. Vitambulisho vyao vilichanganywa, na madaktari waligundua baada ya saa kadhaa za upasuaji kwamba damu waliyoitafuta haikuwepo. Miongoni mwa waliosimamishwa kazi uchunguzi ukiendelea walikuwemo wauguzi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mgonjwa atambuliwe kwa angalau vitu viwili, kwa mfano jina na tarehe ya kuzaliwa, wala si nambari ya kitanda. Mwaka wa 2008 shirika hilo lilitoa orodha ya mambo ya kuhakikishwa kabla ya upasuaji: mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini na mahali gani mwilini. Mgonjwa aliye na fahamu aulizwe ajitaje mwenyewe. Ukimwita "wewe ndiye Kamau?" mtu mwenye wasiwasi au asiyesikia vizuri ataitikia, awe Kamau au asiwe.

Elimu ina nafasi hata hapa. Mgonjwa anayeulizwa jina kwa mara ya nne siku hiyo hukasirika, akadhani wauguzi hawakumjali. Akielezwa kwamba maswali hayo yanamlinda asifanyiwe cha mwenzake, huwa mlinzi wa ziada, na atakuwa wa kwanza kusema kwamba sindano inayoletwa si yake.

Namna ya kufunza

Kumfunza mgonjwa ni sehemu ya hatua zile zile ambazo muuguzi hufuata katika kazi yote: kuchunguza, kutambua tatizo, kupanga, kutekeleza na kupima matokeo. Kosa la kawaida ni kurukia utekelezaji. Muuguzi hutoa hotuba kabla ya kuuliza mgonjwa anajua nini tayari, anaogopa nini, nani hupika nyumbani na nani hushika pesa. Kumshauri mwanamume juu ya chakula cha mgonjwa wa kisukari, na mkewe anayepika yuko nje kwenye benchi, ni kupoteza wakati wa wote watatu.

Swali baya kuliko yote katika kazi hii ni "umeelewa?" Mbele ya vazi jeupe, Mkenya wa kawaida ana jibu moja: "ndiyo, daktari", hata kama anayeulizwa naye ni muuguzi na hakuelewa neno. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, ila hospitalini mwenye kuuliza huogopa kuonekana mjinga au msumbufu. Njia iliyo bora ni kumwomba mgonjwa arudishe maelezo kwa maneno yake: "Mama, ukifika nyumbani na binti yako akikuuliza dawa hizi zinatumiwaje, utamwambiaje?" Akikosea, mzigo ni wa aliyeeleza, naye hueleza tena kwa njia nyingine. Zoezi hilo huchukua dakika mbili au tatu.

Ujuzi wa mikono hufunzwa kwa mikono. Mgonjwa wa kisukari anayeanza kutumia insulini hana budi kujidunga mwenyewe mbele ya muuguzi kabla ya kwenda nyumbani. Aonyeshwe namna ya kubadilisha mahali pa kudunga, ajue kwamba insulini haipaswi kugandishwa wala kuachwa juani, na kwamba asiye na friji anaweza kuihifadhi katika chombo cha udongo kilichowekwa maji na kuachwa kivulini. Zaidi ya yote atambue dalili za sukari kushuka mno: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Hapo anywe kitu chenye sukari mara moja. Mgonjwa ambaye amekatazwa sukari kwa ukali na hakuelezwa jambo hili la mwisho anaweza kufa akiwa amekaa kando ya kopo la sukari.

Yaliyofunzwa yaandikwe. Zamu hubadilika, na muuguzi wa usiku asipojua wa mchana alifikia wapi, ama hurudia ama hunyamaza.

Muda unatoka wapi?

Haya yote husemwa kwa urahisi. Katika zahanati nyingi za mashambani muuguzi ni mmoja au wawili: ndiye mkunga, ndiye mtoaji wa chanjo, ndiye mgawaji wa dawa na mwandishi wa ripoti za kaunti. Wakati wauguzi walipogoma kuanzia Juni hadi Novemba 2017, ilibainika jinsi vituo vidogo vinavyowategemea, kwa kuwa vingi vilifungwa kabisa.

Njia moja ya kupunguza mzigo ni mazungumzo ya asubuhi, ambapo muuguzi husimama mbele ya kina mama waliokaa kwenye mabenchi ya kliniki akawaeleza kuhusu kunyonyesha, chanjo au dalili za hatari kwa mjamzito. Mazungumzo hayo yana faida, ila hayawezi kuchukua nafasi ya maelezo ya mtu binafsi. Hakuna mama atakayesimama mbele ya majirani zake aulize kuhusu kutokwa na uchafu ukeni. Wahudumu wa afya wa jamii, ambao serikali iliwapa mikoba ya vifaa mwaka wa 2023, wanaweza kuendeleza nyumbani yale yaliyoanzwa hospitalini, mradi nao wafunzwe na walipwe.

Mgonjwa naye ana deni. Sheria ya 2017 inamtaka atoe habari za kweli kuhusu hali yake, ashirikiane na wahudumu na awaheshimu. Anayeficha kwamba anatumia dawa za mitishamba, au kwamba tayari ametibiwa kwingine, humwacha muuguzi akipapasa gizani. Nao wauguzi wana haki ya kufanya kazi bila kutishwa wala kupigwa na jamaa za wagonjwa.

Mahali pa kulalamika

Kifungu cha 14 cha Sheria ya Afya kinampa mtu yeyote haki ya kulalamika kuhusu alivyohudumiwa na malalamishi yake kuchunguzwa. Utaratibu wa kulalamika unapaswa kubandikwa mahali wazi katika kila kituo, na mlalamishi ana haki ya kujulishwa kwa maandishi, katika muda wa miezi mitatu, hatua iliyochukuliwa. Kwa kawaida huanzwa na msimamizi wa wodi au wa kituo, kisha idara ya afya ya kaunti. Malalamishi kuhusu mwenendo wa muuguzi hupelekwa kwa Baraza la Wauguzi la Kenya, ambalo huwasajili na lina mamlaka ya kuwaadhibu; ya madaktari yana baraza lake. Mahakama hubaki kwa anayeona haki zake za kikatiba zimekiukwa.

Anayekusudia kulalamika aandike mapema, kabla kumbukumbu hazijafifia: tarehe, saa, wodi, zamu, maneno yaliyotamkwa na waliokuwepo. Aidha, ahifadhi kadi, stakabadhi za malipo na bahasha za dawa. Kisa cha Bungoma kilifika kwa umma kwa sababu palikuwa na mtu aliyekirekodi kwa simu. Wagonjwa wengi hawana shahidi wa namna hiyo, ila kipande cha karatasi na kalamu.